Kioo cha Mwalimu wa Izigo

Siku mliyoniaga pale karakana, Devotha alisimama na soda mkononi akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama Koku, hivi hii habari yako ya kitambaa ilianzia wapi?" Mkacheka, nami nikacheka, maana kila aliyefanya kazi na mimi hapa Muleba amesikia maneno hayo hadi yakamchosha: usifunge laptop bila kitambaa. Siku ile nilijibu kwa mkato kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Sasa nipo nyumbani, migomba haina haraka na mimi, na ninaweza kumjibu vizuri. Ya vyeo nitayaacha. Mnayajua, na hayakuwa mengi.

Nilianzia Bukoba mjini, kwa fundi mmoja tuliyemwita Ta Mutalemwa, kwa heshima ya baba. Nilikuwa msichana wa Kagondo, nimemaliza kozi ya kompyuta ambayo mwalimu wetu alichora kompyuta ubaoni mara nyingi kuliko alivyoturuhusu kuigusa. Ta Mutalemwa alikuwa mzee mrefu, mtu wa kanisa, mwenye sauti nzito ya besi. Alikuwa ametengeneza taipureta za ofisi za mji ule kwa miaka mingi. Taipureta zilipokwisha akahamia kwenye kompyuta bila kelele, kama mtu anayehama chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa sketi mpya, na kwenye begi nilikuwa na seti ya bisibisi alizoninunulia baba. Ta Mutalemwa hakuzitazama. Alinionyesha beseni lililokuwa nyuma ya mlango.

"Nawa," alisema.

Nikanawa. Akaishika mikono yangu, akaigeuza kama mama anayekagua mtoto kabla ya chakula.

"Nawa tena. Safari hii pitisha sabuni katikati ya vidole."

Ulikuwa msimu wa senene. Nyinyi wa hapa hamhitaji kuelezwa: panzi wale wanakaangwa, na mji mzima vidole vinang'aa kwa mafuta. Kila ofisi ina kisahani mezani, mtu anatafuna huku anaandika, na hakuna anayeona kosa. Nilimwambia, "Tata, mbona ni mafuta kidogo tu?" Alichukua laptop ya mteja iliyokuwa mezani, akaizima, akaifungua wazi, akawasha tochi na kuishika pembeni ya kioo ili mwanga upite juu juu. Hapo nikaona. Vilikuwa vimiraba vidogo vidogo, safu kwa safu, na chini yake mstari mmoja mrefu. Kibodi yote ilikuwa imejichora kwenye kioo.

"Huyu amekula senene, ameandika barua yake, amefunga, ameweka kwenye begi," alisema. "Vidole vimepaka batani, batani zimepaka kioo. Hakuna aliyemgombeza, kwa hiyo kesho atafanya tena."

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelirudia maisha yangu yote. Mafuta peke yake hayaharibu kioo, yanafutika. Kinachoharibu ni vumbi linalonasa kwenye yale mafuta. Laptop ikifungwa na kubanwa ndani ya begi, kila tuta la barabarani linasugua batani kwenye kioo, na katikati kuna mchanga. Ikifika hapo hufuti tena. Unakuwa umechelewa.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kufungua mashine yoyote. Kazi yangu ilikuwa kusafisha, na nilinung'unika sana kila jioni nikirudi Kagondo. Lakini alinifundisha kwa mpangilio ambao sijapata kuona mwingine bora. Zima mashine, iache ipoe. Anza na kibodi, siyo kioo, kwa sababu ukisafisha kioo na kibodi ni chafu unajisumbua. Igeuze kifudifudi, igonge mgongo taratibu, vumbi na makombo yadondoke. Pitisha brashi laini ya rangi katikati ya batani. Futa batani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ndipo ukiendee kioo: kwanza ondoa vumbi bila kukandamiza, kisha kitambaa kilaini cha pamba kilicholowa kidogo kwa maji safi na kukamuliwa sana, mkono mmoja ukishika mgongo wa kioo usipepesuke, mwingine ukifuta kuelekea upande mmoja, na kila ukimaliza mstari unageuza kitambaa. Maji hayanyunyiziwi kwenye kioo hata siku moja. Yatashuka hadi pembeni chini, yataingia ndani, na utanunua kioo kipya.

Alichukia tishu, maana zinakwaruza. Alichukia pindo la kanga, kwa kuwa pindo hilo hilo ndilo limeshika sufuria asubuhi. Spiriti na dawa ya kusafishia madirisha alizificha juu ya kabati ili mtu asishawishike. Kuna mteja aliyekuwa akitumia mate. Simtaji, bado anaimba kwaya.

Na kitambaa je? Laptop nyingi zikitoka kiwandani huja na karatasi laini nyembamba iliyolazwa kati ya kibodi na kioo. Watu huitupa pamoja na boksi. Ta Mutalemwa alikuwa akiwaomba wateja wamletee, akaziweka kama watu wanavyoweka vitambaa vya meza vya harusi. Zilipokwisha, alikata vipande kutoka kwenye mashuka meupe ya zamani yaliyofuliwa hadi yakalainika, akavipiga pasi. Kipimo chake kilikuwa hiki: ukiweka kitambaa, kifuniko kijifunge chenyewe bila kusukumwa. Kikihitaji kusukumwa, kitambaa ni kinene. Tuliwahi kuletewa laptop iliyofungwa na taulo ya usoni ndani yake. Mwenyewe alikuwa amesikia ushauri wetu, akaona auzidishe. Kioo kilipasuka kuanzia kwenye bawaba hadi katikati. Ta Mutalemwa aliitazama kwa muda, akasema, "Huyu alitupenda kuliko tulivyomwomba."

Nilipopata kazi Muleba ya kuangalia mashine za shule, alinipa ile brashi yake ya rangi, mpini wake umelainishwa na mkono wake. Alifariki miaka kadhaa baadaye. Nilikwenda Buhembe, kule kule Bukoba, kumzika. Baada ya mazishi tulipanga foleni kunawa kabla ya kula, na nilipofika kwenye maji nilijikuta napitisha sabuni katikati ya vidole, taratibu, watu wa nyuma yangu wakingoja.

Kazi ya Muleba haikuwa kama ya mjini. Mjini laptop inatoka mezani inakwenda mezani. Huku ilikuwa inasafiri. Mwalimu anaitumbukiza kwenye begi pamoja na madaftari ya darasa zima, chaki, pengine na ndizi za kuchoma, anavaa begi mgongoni, anapanda pikipiki, na barabara zetu mnazijua. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari. Vioo vilikuwa vinaletwa vimechorwa kama madirisha yenye nondo.

Nikaona kusafisha peke yake hakutoshi. Nilimwendea fundi cherehani sokoni, akanikatia vitambaa na kupindia kingo zake kwa uzi mwembamba ili zisiache nyuzi. Nikavigawa kila shule niliyopita. Nilipopita tena, kimoja kilikuwa kinafuta ubao. Kingine kimefunika jagi la maji ofisini. Mwalimu mkuu mmoja alikuwa anakitumia kama leso, na akanishukuru kwa moyo wote, akisema ni laini kweli. Sikukata tamaa. Nilikata vitambaa vingine.

Ni kwenye mizunguko hiyo nilipomfahamu Mwalimu Kamugisha wa Izigo. Alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu. Laptop yake aliichukulia kama mtu anavyomchukulia ng'ombe wake wa kwanza: hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Humo alikuwa anaandika kitabu cha mazoezi ya hisabati kwa wanafunzi wake, akichora pembe na duara kwa subira ambayo mimi sina. Mara ya kwanza alikuja karakana mwenyewe, akiendesha pikipiki, mkewe Ma Anastazia amekaa nyuma.

"Mama Koku," aliniambia, "kioo changu kina ukungu. Sisomi vizuri."

Nilimulika tochi, na kweli alama zilikuwepo, safu nzima. Nikasafisha mbele yake, nikampa kitambaa, nikamwonyesha namna ya kukilaza. Alifurahi. Tofauti na wengine, alikitumia. Kila nilipofika Izigo nilikikuta mahali pake, kimenyooka.

Lakini alirudi. Akasema ukungu umerudi. Nikamulika, nikaona madoa machache tu pembeni, nikafuta. Akarudi tena, na safari hiyo sikuona kitu. Nilifuta hivyo hivyo, kwa sababu mteja anayekutazama ni vigumu kumwambia hakuna cha kufuta. Nikaongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, nikakuza maandishi. Akasema, "Afadhali kidogo," lakini aliisema kama mtu anayemshukuru mwenyeji kwa chakula kisicho na chumvi.

Mara iliyofuata alikuja tena na Ma Anastazia. Mama alibaki nje kivulini, akiongea na muuza maparachichi. Mwalimu alikaa, akaiweka laptop mezani. "Imekuwa mbaya zaidi," alisema. "Hasa kukiwa na jua dirishani. Nyeupe yote inakuwa kama maziwa."

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kupokea laptop mpya ya ofisi. Nilikuwa nimeitoa ndani ya boksi asubuhi ile ile, hata plastiki yake ilikuwa bado sakafuni. Niliiweka mbele yake ili aendelee kupitia kazi yake kutoka kwenye flashi wakati mimi nashughulika na ya kwake. Alifungua ukurasa wake, akausogelea. Kisha akavuta mkono wa shati, akafuta kioo kile kipya, akasogea tena.

"Hata hii yako imeshaanza," alisema.

Nilisimama na brashi mkononi. Nilimtazama usoni, kitu ambacho nadhani sikuwa nimekifanya vizuri siku zote zile, maana sisi mafundi tunatazama mashine. Katikati ya mboni zake kulikuwa na weupe mwembamba.

"Mwalimu," nilimuuliza, "pikipiki unaiendeshaje?"

"Naijua barabara."

"Na magari yanayokuja?"

"Taa zina nywele," alisema. "Jioni taa za magari zina nywele nyingi. Nangoja zipite."

Jamani, nimefungua mashine zilizoingia maji, nimebeba kompyuta za shule kwenye mvua, lakini sijawahi kuogopa kazini kama nilivyoogopa kwa jibu lile. Nje kulikuwa na mwanamke aliyekuwa apande nyuma ya mtu huyu hadi Izigo.

Nikamwambia. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, nikasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, samahani sana waitu, ndugu yangu. Kioo chako ni kisafi. Kimekuwa kisafi tangu mara ile ya kwanza. Laptop hii imetoka kwenye boksi leo. Nadhani ni macho. Nenda hospitali wakuangalie."

Uso wake ulikunjamana. Alizima laptop yake, akalaza kitambaa, akafunga, kila kitu polepole. "Wewe ni fundi wa kompyuta," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi nilikuletea kompyuta."

Akatoka. Nilimfuata hadi mlangoni. Alikwishapanda pikipiki na kuiwasha. Ma Anastazia aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, na sijui aliona nini kwenye nyuso zetu, lakini hakupanda.

"Panda twende," Mwalimu alisema.

"Amekwambia nini Mama Koku?"

"Hakuna. Panda."

Ma Anastazia alikuwa mwanamke mfupi, mpole, Mkatoliki wa kuamka alfajiri, na sikuwahi kumsikia akimpinga mumewe mbele za watu. Aliweka kikapu chake chini. "Jana umemimina chai pembeni ya kikombe," alisema. "Juzi umempita ndugu yako shambani bila kumsalimu, akaja kuniuliza tumegombana nini. Mimi nimenyamaza, nikasema utasema mwenyewe. Leo sipandi. Nitatembea."

"Hadi Izigo?"

"Hadi Izigo."

Akachukua kikapu, akaanza kwenda kweli. Muuza maparachichi alijifanya anapanga maparachichi. Mwalimu alibaki ameshika usukani, pikipiki inanguruma, akitazama upande alikokwenda mkewe. Na niliona kwamba alikuwa anamtafuta. Alikuwa bado hajafika mbali, amevaa kitenge cha njano, na mumewe alikuwa anamtafuta.

Akazima pikipiki. Akachomoa ufunguo, akanyoosha mkono kuelekea nilipokuwa, akaniachia. Nikamkimbilia mama, nikamrudisha, nao wakaondoka kwa gari la abiria.

Hospitalini Bukoba wakakuta mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walimpasua moja, akapumzika, kisha la pili. Wakati anangoja la pili alikaa kwa dada yake Buhembe, nami nilipokwenda mjini kuchukua vifaa nilipita kumsalimu. Nilimkuta kwenye kiti uani, jicho moja limefunikwa. Nilikuwa na hofu kwamba bado ameniwekea kinyongo. Badala yake alimwita dada yake aniletee chai, na chai ilipofika akaanza kuongea mwenyewe, bila mimi kumuuliza.

"Baba yangu alipofuka," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kwenda kanisani, kwenda shambani. Alikuwa anashika migomba mmoja mmoja kuijua. Mwisho akaacha kutoka, akawa wa kukaa tu. Siku zile hakuna aliyetuambia kwamba kuna kupasuliwa." Alikunywa chai. "Ulipokuwa unafuta kile kioo, Mama Koku, nilikuwa najua. Siyo kujua kabisa. Lakini kioo kinafutika. Ndiyo maana nilikuwa nakuletea."

Tulikunywa chai yetu.

Nyinyi mnaobaki karakana mtaletewa vioo vingi. Vingi ni vichafu kweli. Vifuteni kama mlivyofundishwa, kibodi kwanza. Lakini mteja akirudi na kioo kisafi, acheni tochi, mtazameni mwenye mashine. Muulizeni anasomaje, anaendeshaje, analalaje. Hilo Ta Mutalemwa hakunifundisha kwa maneno. Ila nikikumbuka alivyoigeuza mikono yangu siku ya kwanza, naona alianza na mtu kabla ya mashine.

Mwalimu alirudi Muleba baada ya muda, amevaa miwani ya kusomea, amekuja kuchukua pikipiki yake iliyokuwa imekaa kwenye stoo yetu. Ma Anastazia alikuwa naye. Nilipomuuliza mgonjwa anaendeleaje, alitikisa kichwa.

"Afadhali angebaki vile vile," alisema, huku akijizuia kucheka. "Amegundua buibui wote wa nyumba. Anazunguka ananionyesha. Jana ameniambia kitenge hiki kimepauka."

"Kimepauka," alisema Mwalimu.

Akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo. "Na wewe una mvi, Mama Koku. Sikujua."

Nilimwambia hata mimi nilikuwa najaribu kutokujua. Alicheka, akatoa laptop kwenye begi, akaifungua mezani na kuizima. Akaniomba tochi. Nikampa. Aliishika pembeni ya kioo kama alivyoniona nikifanya, akainama, akaanza kupitia polepole kutoka juu kushuka chini. Kwenye kona ya kushoto akasimama.

"Njoo uone," alisema.

Nikainama. Ilinibidi nisogee sana, na bado nilihitaji kugeuza kichwa ili mwanga unipe. Kulikuwa na mikwaruzo miwili, myembamba kama unywele wa mtoto, sambamba.

"Hiyo ni mikwaruzo, Mwalimu," nilisema. "Siyo madoa. Haitoki kwa kufuta. Mashine ikiwashwa haionekani, haitakusumbua."

"Sikuja itolewe," alisema. Aliweka kidole juu ya mikwaruzo ile, bila kugusa kioo. "Nilitaka tu ujue kwamba naiona."